Miche mia ya nyanya, maji ya baiskeli: ninunue pampu?

Mkulima wa Juru: Ndugu zangu, habari. Niko Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Mvua imekatika mapema na miche yangu mia ya nyanya ndiyo kwanza imeshika. Maji nayatoa ziwani kwa baiskeli, jerikeni nne za lita 20 kila safari. Muuzaji mmoja Mbarara ananihimiza nichukue pampu ya sola na mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondoshea miche maji, lakini kwa bei yake nitauza mbuzi wote. Sisi wa mfuko mdogo tufanyeje?

Mama Bustani, Nakasongola: Kaka, pampu iache. Kisima shambani huna, itavuta nini? Piga kwanza hesabu ya maji. Nyanya changa inaridhika na nusu lita kwa siku. Ikianza kuzaa, na jua hili, inataka lita moja hadi mbili. Kwa hiyo miche mia itakunywa jerikeni tano mpaka kumi kila siku. Ukiona baiskeli haiwezi, punguza miche sasa.

Mipira ya matone inafanya kazi bila pampu. Tafuta pipa lisilopitisha mwanga, maana mwanga ukiingia maji yanaota ukijani, na ule utelezi ndio unaoziba vitundu. Liinue mita moja, toa mistari miwili ya mita 15, mche kila sentimita 30. Maji ya ziwa yachuje kwa kitambaa, na kila wiki fungua ncha za mipira taka zitoke. Mistari ikate mteremko, isishuke nao, la sivyo wa juu wanakauka na wa chini wanaogelea.

Halafu matandazo! Isingiro mna migomba kila kona, yale majani makavu mnayapeleka wapi? Tandaza juu ya udongo kuzunguka miche, ila yasiguse shina.

Mzee wa Rubondo: Kwa mboga za mlangoni, chungu cha udongo kisichopakwa kitu. Kizike hadi shingoni, jaza maji, funika mbu wasizaliane. Udongo ukikauka unajivutia wenyewe. Sukuma wiki zangu zimekizunguka.

Mkulima wa Juru: Asanteni sana. Pipa ninalo, la bluu, ila mwanga unapenya kidogo.

Mama Bustani, Nakasongola: Livishe gunia kuukuu. Fungulia maji alfajiri au jioni, si mchana. Na hujasema lilikuwa la nini. Kama lilibeba dawa za kilimo, tafuta lingine.