Kwanini gari za umeme zisibadilishiwe betri kama boda?

mzee_wa_spana: Wakuu habari zenu. Boda za umeme kule Kigali na Nairobi dereva anaingia kituoni anaacha betri iliyoisha anapewa iliyojaa, dakika chache huyo kashaondoka. Sasa mbona kwenye gari tunaambiwa tukae kwenye chaji, kwanini nazo wasizifanyie hivohivo?

Kipusa77: Ilishajaribiwa kitambo mkuu. Kampuni ya Better Place ya Israel, ya mfanyabiashara Shai Agassi, walianza 2007, wakajenga vituo gari inapanda juu ya mtambo roboti linafungua betri kwa chini linaweka nyingine. Walikusanya zaidi ya dola milioni 800 na 2013 wakafilisika. Gari yenyewe ya kutumia vile vituo ilikuwa Renault Fluence basi, wateja wachache mno, kituo kinakula hela na gari hazipo. Mwaka huohuo Tesla nao wakaonyesha gari yao ya Model S inabadilishwa betri kwa kama sekunde 90, baadae wakaachana nayo wakakomaa na chaja za haraka.

fundi_umeme_tz: Ila tusiseme imeshindikana jamani. NIO, kampuni ya magari ya umeme ya China, wana vituo vya kubadilisha betri zaidi ya 2,000, mpaka Norway wamefungua, na dakika tano hivi umemaliza bila kushuka kwenye gari. Tena unaweza kununua gari bila betri, betri unakodi kwa mwezi, kwahiyo bei inashuka na betri ikichoka sio mzigo wako. Kwa sisi hapo ndo penye utamu maana kinachotutisha kwenye gari ya umeme ya yadi ni hiyo betri, ikifa umekwisha.

mzee_wa_spana: Asante sana. Sasa kinachokwamisha kwingine ni nini?

fundi_umeme_tz: Uzito na umbo. Ya boda unabeba kwa mkono, ya gari inaweza kufika kilo 500, na kila kampuni ina umbo lake, vifungio vyake na mabomba yake ya kupoozea, bila kukubaliana saizi moja kila kampuni itabidi ijenge vituo vyake. Ndo maana mi nasema tuanze na teksi na daladala, gari za aina moja, ruti zinajulikana, na dereva wa hesabu hawezi kupaki mchana kusubiri chaji. Beijing teksi za BAIC, kampuni ya magari ya hukohuko, zimefanya hivyo miaka sasa, na betri za akiba kituo kinazichaji taratibu usiku umeme ukiwa hauna kazi nyingi.

Kipusa77: Kwa daladala nakuunga mkono kabisa, wenye mabasi waitwe kwanza kabla ya wauza magari.