MREJESHO: Fluoksetini na dawa ya maumivu ya mgongo

Wakuu, asanteni kwa michango. Swali lilikuwa: anayemeza fluoksetini (dawa ya sonona) miligramu 20 kila asubuhi, anaweza kuongeza tramadoli (dawa kali ya maumivu) kwa ajili ya mgongo? Daktari na mfamasia wamejibu kitu kimoja: asichanganye.

Dawa zote mbili hupandisha serotonini, kemikali ya ubongo na neva. Zikikutana, mtu anaweza kutetemeka, kutokwa jasho jingi, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura, msisubiri kupambazuke. Tena fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoipa tramadoli nguvu, hivyo hata maumivu hayatulii vizuri. Na kuacha fluoksetini leo ili umeze tramadoli kesho hakusaidii chochote, maana mabaki yake hukaa mwilini hadi wiki 5.

Dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani ina hatari hiyohiyo; someni kibandiko cha chupa. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni, zikichanganywa na fluoksetini, huongeza uwezekano wa kuvuja damu tumboni. Kilichoruhusiwa ni parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, visizidi 8 kwa saa 24.

Ukisahau dozi ya fluoksetini, usimeze mbili kufidia. Nafuu ya sonona huja taratibu, wiki ya 2 hadi ya 6. Katika wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujidhuru yanaweza kuzidi. Tafadhali, nyumbani awepo mtu wa karibu anayelijua hilo, na yakitokea mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.