Vikundi vya PDM vifundishwe chapa na usanifu, au ni kupoteza siku?

Mwenye hoja, Soroti
Jamani, nauliza wazi. Mkopo wa PDM, ule mpango wa serikali ya Uganda wa kukopesha kaya kupitia vikundi, ni hadi shilingi milioni 1 kwa kaya, na wengi wanauingiza kwenye kusindika: asali, yoghati, sabuni, karanga za kusaga. Nendeni sokoni mkaangalie. Chupa ileile, kifuniko kilekile cha njano, picha ileile ya nyuki iliyochotwa intaneti. Mteja akiipenda asali ya kikundi fulani, wiki ijayo ananunua ya kikundi kingine bila kujua. Nasema mafunzo ya siku 2 ya chapa na usanifu yawe sharti kabla ya pesa kutoka.

Mchapaji, Nasser Road
Napinga, ssebo. Siku 2 hazimfanyi mtu kuwa mbunifu, zinampa ujasiri wa kutuletea makosa mapya. Nembo inafika hapa ikiwa picha ya WhatsApp yenye upana wa pikseli 1600. Kwa nukta 300 kwa inchi, hiyo inatosha sentimita 13 na nusu. Kwa lebo, sawa. Akitaka bango la mita 3, pikseli zilezile zinamwachia nukta 13 kwa inchi, wakati bango la kutazamwa kwa mbali linataka kama 100. Linatoka na ukungu, halafu lawama ni za mashine yangu. Na kile kijani kinachong'aa kwenye simu ni cha mwanga, wino haukifikii. Mlipe mbunifu mara moja, akupe faili ya vekta unayoweza kuivuta kutoka ukubwa wa muhuri hadi ubavu wa lori bila kuharibika.

Dada wa lebo, Mbale
Kaka mchapaji, na huyo mbunifu akikosea, nani atamwona?

Chukua chupa ya asali ya gramu 500. Kabla ya rangi yoyote, zungushia ukanda wa karatasi, weka alama, pima. Chupa iliyo pana juu na nyembamba chini haikubali lebo iliyonyooka: inakunjamana pembeni hata ibandikwe na malaika. Kata lebo ya majaribio ya karatasi nyeupe, ibandike, ndipo umpe mbunifu vipimo. Rangi ya nyuma ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yarudi ndani milimita 3, la sivyo kisu kikiyumba kidogo kinakula herufi.

Kisha yale ambayo UNBS, shirika la viwango la Uganda, watayatafuta: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, namna ya kuhifadhi, nchi ilikotoka. Watu wanachora ua kubwa kwanza, halafu tarehe inakosa pa kukaa, inaandikwa kwa kalamu juu ya kifuniko. Kifuniko kikibadilishwa, tarehe imekwenda nacho.

Msimbo pau, ile mistari inayosomwa na skana ya dukani, ndio unaotesa zaidi. Mbunifu anauchapa kwa rangi nyekundu ili ufanane na nembo. Skana nyingi za dukani zinatumia mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu kwenye karatasi nyeupe haionekani kabisa. Weka nyeusi juu ya nyeupe. Upana usipungue asilimia 80 ya kipimo kamili, yaani kama milimita 30, na nafasi nyeupe za pembeni zisijazwe kitu. Chupa ikiwa nyembamba, igeuze mistari ilale kama vidato vya ngazi, isipinde na mzunguko.

Mwisho, maji. Lebo ya karatasi iliyochapwa kwa wino wa majimaji inachuruzika asali ikivuja au friji ikitoa jasho. Bandika moja, tia chupa kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi isugue kwa kidole. Haya yote hayahitaji kujua kuchora.

Mfanyabiashara wa jumla, Busia
Mnasahau jina. "Asali Safi" inaeleza bidhaa tu, na jina la namna hiyo ni gumu kulisajili kuwa alama ya biashara. Wengi wanasajili jina la biashara pale URSB, ofisi ya usajili wa biashara, wakidhani wamemaliza. Hayo ni mambo mawili. Alama ya biashara inaombwa kwa daraja la bidhaa: asali daraja la 30, sabuni la 3, yoghati la 29. Inalindwa miaka 7 ya kwanza, kisha unaongeza miaka 10 kila mara. Na ukivuka mpaka hapa kwetu, usajili wa Uganda haukulindi Kenya. Nembo ya kiolezo cha Canva, ile programu ya kujisanifia mtandaoni, nayo, mwenzako anaweza kuchukua kiolezo hichohicho kesho.

Kijana wa Gulu
Rangi pia, wazee. Vyama vya siasa vina rangi zake: njano ni ya NRM, nyekundu ya NUP, buluu ya FDC. Duka likipakwa rangi moja tupu, msimu wa kampeni utaulizwa uko upande gani.

Mchapaji, Nasser Road
Dada wa Mbale kanipunguza nguvu. Ndoo ya maji naikubali. Lakini hayo ni mafunzo ya kukagua, si ya usanifu. Yapeni jina lake, na yawe nusu siku. Mkiwafundisha Canva, nitaendelea kupokea fonti 5 kwenye lebo moja.

Mwenye hoja, Soroti
Nusu siku haitoshi kwa msimbo pau na usajili pamoja. Siku moja, na kila mtu aje na chupa yake mwenyewe.

Mfanyabiashara wa jumla, Busia
Na faili ya vekta itakaa kwa nani? Ikiwa kwenye simu ya mwenyekiti, simu ikiibiwa kikundi kinaanza upya.

Dada wa lebo, Mbale
Kwenye baruapepe ya kikundi, nenosiri wajue watu 2. PDF, na ile ya kuhaririwa. Na usimlipe mbunifu salio kabla hujazifungua zote mbili kwenye kompyuta isiyo yake.

Mchapaji, Nasser Road
Fonti zigeuzwe kuwa michoro kwenye hiyo PDF. Zisipogeuzwa, kompyuta yangu itaweka fonti nyingine, na hapo tutaanza kugombana tena.