Vituo vya yatima: utafiti upo, mbona tunazidi kujaza wachanga?

Mleta mada: Wakuu, kila sikukuu magari yanapanga foleni kwenye vituo vya yatima. Mchele, sabuni, picha. Na sadaka sina ugomvi, nina ugomvi na vile vitanda vya wachanga.

Dikteta Ceaușescu alipoangushwa mwaka 1989, Romania ilibaki na watoto wengi mno kwenye majengo ya serikali. Miaka kumi na kitu baadaye watafiti wakachukua wachanga 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu, wa miezi 6 hadi 31, wakawagawa kwa bahati nasibu: 68 waende kwa familia za kuwalea, 68 wabaki. Walipofika miaka minne na nusu, kipimo cha akili kilitoa wastani wa 81 kwa waliotoka, 73 kwa waliobaki. Waliotoka kabla ya miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa nao ukatoa mwongozo: mtoto wa chini ya miaka 3 alelewe kwenye familia. Sisi je?

Mlezi wa kituo: Mkuu, umesoma nusu. Mwaka huohuo 2009 Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani kilitoa utafiti wa nchi tano, zikiwemo Tanzania (Kilimanjaro) na Kenya (Bungoma). Watoto 1,357 wa vituoni, 1,480 wa majumbani. Wa vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya zaidi. Mimi nimepokea mtoto kutoka kwa baba yake mdogo akiwa na makovu ya waya mgongoni. Hiyo nayo ni familia.

Mleta mada: Dada, kweli kabisa, na wapinga vituo wengi huo utafiti wanauruka. Ila tazama umri: wa Duke walikuwa wa miaka 6 hadi 12. Huyo wa makovu, kituo kizuri kinamfaa. Kichanga anataka mtu mmoja, sauti ileile usiku na mchana, na kituoni mnapokezana zamu hata muwe na upendo kiasi gani. Sioni tafiti hizi zinapogombana.

Afisa ustawi: Nyote mnadhani sisi hatusomi. Tunasoma! Kumpeleka mtoto kwa bibi ni kumkagua bibi, kurudi kila mwezi, kumtafutia maziwa. Nauli natoa mfukoni. Kituo ni simu moja, mtoto kapokelewa. Halafu mfadhili gani atabandika kibao chenye jina lake kwenye kibanda cha bibi?

Mleta mada: Kumbe shida ni kibao.

Mlezi wa kituo: Msicheke. Kwetu kuna wachanga watatu, wawili bibi zao wapo hai na huja Jumapili. Nitamuuliza mfadhili kama hela ya maziwa inaweza kuwafuata huko kwao. Ila akikataa na kutukatia yote, wale wakubwa kumi na tisa nitawaleta kwako, mkuu.