Safari ya Malheur: tumelipia ndege wa Mei, tunapelekwa Agosti

Ndugu wanajukwaa, naleta malalamiko haya hadharani kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp kila anayehoji hujibiwa kwa vikatuni vya kucheka, kisha mazungumzo yanahamia kwenye nyama choma.

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Portland tulianza kuchangishwa tangu Januari kwa ajili ya safari ya kutazama ndege katika hifadhi ya Malheur, kusini-mashariki mwa jimbo la Oregon, Marekani, na tangazo lilitaja bayana nusu ya pili ya Mei. Juzi mratibu ametutangazia kwamba safari imesogezwa hadi katikati ya Agosti, eti kwa kuwa watoto watakuwa likizo na basi limepatikana kwa bei nafuu. Alipoulizwa kuhusu ndege wenyewe, alijibu kwamba ndege wapo tu, hawana pa kwenda.

Jibu hilo limenikera kuliko hata suala la fedha. Ndege wa Malheur wana pa kwenda, na ndiyo maana watu huvuka zaidi ya kilomita 450 kutoka Portland kuwawahi kabla hawajaondoka. Pale ni jangwa lililoinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, vichaka vya kijivu mpaka macho yachoke, na sehemu kubwa ya maji yake hutokana na theluji inayoyeyuka kwenye Mlima Steens na kuteremka na Mto Donner und Blitzen. Mwezi Mei mabonde yanakuwa yamefurika, korongo wanalea, kwarara wanachokoa matope kwenye majani. Kwenye makao makuu ya hifadhi kuna miti michache mirefu, na ndege wadogo wahamao, ambao husafiri usiku, kukipambazuka hujikuta juu ya nyika kavu wasione kijani kingine cha karibu. Basi hushuka wote kwenye miti ile ile. Mtu anaweza kusimama chini ya mti mmoja na darubini yake, akaona wa manjano, wa chungwa na wenye mistari wakidonoa viwavi kwenye matawi ya chini, bila kupiga hatua.

Sisemi kwamba Agosti hakuna kitu, kwani ndege wa matopeni hupita ikiwa maji yamesalia. Lakini wimbi lile la Mei huwa limekwisha, nyimbo zimenyamaza, mabata dume wamepukutisha manyoya yao ya rangi na kufanana na majike, na mara nyingi moshi wa mioto ya nyika hufunika upeo wote. Rais Theodore Roosevelt aliitenga hifadhi hiyo mwaka 1908, baada ya wawindaji kuwaangamiza yangeyange kwa ajili ya manyoya ya kupambia kofia za wanawake. Aliitenga ili ndege wapate pa kuzalia, si ili sisi tupate pa kupigia picha za familia.

Tukija kwenye basi lenyewe, mambo yanazidi kuharibika. Barabara inayopita katikati ya hifadhi ni ya changarawe, nyembamba, na njia bora ya kutazama ndege pale ni kubaki ndani ya gari dogo na kusimama kila mara, kwa sababu ndege huvumilia gari kuliko wanavyomvumilia binadamu aliyesimama. Watu arobaini wakiteremka kwa pamoja, huku mmoja anauliza choo kiko wapi, kila kilicho na mabawa kitakuwa kimeshahama. Malazi nayo yamewekwa mji wa Bend, zaidi ya kilomita 200 kabla hata hatujafika Burns, mji ulio karibu na hifadhi, ilhali saa za maana za kutazama ndege ni zile za alfajiri.

Nataka mambo mawili kutoka kwa waandalizi, nayo yaandikwe hapa hapa kwenye uzi huu ili yasije yakafutwa: ama tarehe irudishwe Mei na tugawane magari madogo kama tulivyokubaliana, ama kila aliyelipa kwa ajili ya Mei arudishiwe fedha yake yote kabla malipo ya basi hayajafanyika. Wanaotaka matembezi ya Agosti na watoto wao wana haki ya kwenda, ila wayaite matembezi na wayalipie wenyewe.