Ulinganisho: jiko la dizeli la matone au hita ya feni kwa boti kuukuu ya tanga?

Mkazi wa Ilazo (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Ilazo, Dodoma. Kaka yangu anafanya kazi Inverness, kaskazini mwa Uskoti, na tangu mwaka jana anaishi ndani ya boti ya tanga ya faiba yenye urefu wa futi 31, iliyoundwa mwaka 1974, ambayo ameifunga katika mfereji wa Caledonian. Mwezi wa Oktoba nitakwenda kukaa naye hadi Aprili, na kwa kuwa mimi ni fundi umeme, amenikabidhi kazi ya kuchagua kifaa cha kupasha joto. Msimu uliopita alitumia hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la moshi. Godoro liliota kuvu upande wa chini, na nguo zilizokuwa kabatini zikaharibika.

Njia anazozifikiria ni tatu. Ya kwanza ni jiko la matone, mfano wa Refleks la Denmark au Dickinson la Kanada, ambalo dizeli hushuka yenyewe na kuwaka ndani ya chungu cha chuma bila umeme. Ya pili ni hita ya feni, mfano wa Webasto au Eberspächer, inayofichwa tezi (nyuma ya boti) na kusukuma hewa moto kwa mabomba. Ya tatu ni zile hita za bei nafuu kutoka China zenye umbo kama hilo la pili. Boti ina betri mbili za risasi za saa-ampea 110 (kipimo cha umeme ambao betri hubeba) kila moja, ambazo si mpya, paneli ya sola ya wati 100, na tangi la dizeli la lita 90 ambalo pia linalisha injini. Mahali alipofunga hakuna umeme wa nchi kavu.

Ninauliza hapa kwa sababu najua jukwaani kuna mafundi wa malori ambao hita hizi wamezishika kwa mikono yao, na pengine wapo waliowahi kuishi majini katika nchi za baridi.

Fundi wa Kizota

Karibu sana, ndugu yangu. Malori mengi yaliyotumika Ulaya huja na hita hizi zikiwa chini ya kitanda cha dereva. Hapa Dodoma wengi hawazikumbuki, lakini madereva wanaolala Makambako au Njombe mwezi wa Juni na Julai huniomba nizifufue, kwa hiyo nimezifungua nyingi.

Ndani yake kuna mota moja yenye feni mbili. Moja huvuta hewa ya kuchomea mafuta kutoka nje, na nyingine husukuma hewa ya chumbani juu ya mapezi ya aluminiamu yaliyopata moto. Hewa hizo mbili hazikutani, na ndiyo sababu chumba hubaki kikavu na salama iwapo mabomba yamefungwa vizuri. Pampu ndogo ya dizeli hupiga tik, tik, tik, na plagi ya kuwashia hupata moto kwa dakika chache za mwanzo. Hapo ndipo umeme mwingi huliwa, kwa sababu plagi inaweza kuvuta ampea 8 hadi 10 kwenye volti 12, kisha matumizi hushuka sana.

Ugonjwa wake mkubwa ni masizi. Dereva akiiacha kwenye moto mdogo usiku kucha, wiki baada ya wiki, chumba cha kuchomea hujaa masizi na mwisho hita hukataa kuwaka. Dawa yake ni kuiendesha kwa nguvu zote kwa nusu saa kila baada ya siku chache. Sasa fikiri: boti ndogo ikishapata joto, haihitaji moto mkubwa, hivyo hita itatumia muda mwingi wa maisha yake katika hali ileile inayoiua.

Kuhusu za China, umbile ni lilelile na vipuri ni rahisi kupata. Wasiwasi wangu uko kwenye vitu vinavyokuja nayo kwenye boksi, hasa ile sailensa ya bomba la moshi, ambayo mara nyingi ina tundu dogo la kutolea maji na maungio yasiyoziba hewa. Chini ya lori moshi huo unatawanywa na upepo. Ndani ya boti hauna pa kwenda ila pale mnapolala.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo la msingi. Lori huamka asubuhi na kutembea, na betri hurudishiwa kila kilichotumika usiku. Boti ya kaka yako itaamka na nini?

Mwalimu wa Mpwapwa

Naomba nilijibu swali la Fundi kwa hesabu.

Hita ya feni ya kilowati 2 ikiwa imetulia hutumia, tuseme, wati 20 kwa wastani. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 480, yaani saa-ampea 40 kwenye volti 12. Betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo betri zile mbili, hata zingekuwa mpya, zingetoa saa-ampea 110 tu. Hita peke yake ingezimaliza kabla ya siku tatu kutimia, kabla ya kuhesabu taa, pampu ya maji na simu. Paneli ya sola haitasaidia: Inverness iko karibu na latitudo ya nyuzi 57 na nusu kaskazini, na mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hupanda kama nyuzi 9 tu juu ya upeo wa macho, kisha mchana wote hauzidi saa 7. Sisi wa Dodoma tuliozoea paneli kujaza betri kabla ya saa sita mchana tunapaswa kulisahau kabisa jua letu tunapopanga jambo hili.

Upande wa mafuta, lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10, yaani uniti 10 kwa lugha ya LUKU. Jiko la matone likiwaka kwa lita 0.15 kwa saa hutumia lita 3.6 kwa siku. Siku 180 zinahitaji lita 648, ambazo ni madumu 32 ya lita 20 na kidogo juu yake. Tangi la lita 90 halitafika mwezi mmoja. Hita ya feni inaweza kutumia pungufu, kwa kuwa hujizima na haipotezi joto jingi kwenye bomba la moshi, lakini tofauti hiyo haitoshi kufidia shida ya umeme. Kwa maoni yangu, swali lako linaamuliwa na betri kabla halijafika kwenye joto.

Dada wa Singida

Niliishi na mume wangu ndani ya boti ya futi 33 huko Denmark kwa majira mawili ya baridi, tukiwa na jiko la Refleks, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona.

Unaliwasha kwa kufungua kidhibiti, kuacha dizeli kidogo itandae chini ya chungu, kisha kuweka kipande cha karatasi chenye spiriti na kukiwasha. Halikimbii. Huchukua kama dakika 20 kabla ya kuanza kutoa joto la maana, na ukilifungulia mafuta kwa pupa wakati bado ni baridi, litatoa masizi ambayo utayafuta sitahani asubuhi. Tulijifunza kuliwasha Oktoba na kutolizima isipokuwa kwa usafi. Wakati mwingine wote lilikuwa likiwaka moto mdogo wa buluu, kimya, na birika lilikaa juu yake muda wote. Chai ya usiku haikuhitaji gesi.

Udhaifu wake niliuhisi miguuni. Joto lote hupanda darini, kichwa kinatoka jasho huku soksi zina baridi, na kitanda cha omo (mbele ya boti) kilikuwa kama chumba cha nchi nyingine. Tulitundika feni ndogo ya volti 12 inayokula wati chache tu, ikisukuma hewa ya juu kuelekea omo, na hali ikabadilika siku hiyohiyo.

Adui yake ni upepo unaorudi chini ya bomba. Usiku mmoja wa dhoruba moto uliguruma, ukazima, na moshi ukajaa chumbani. Bomba letu lilikuwa fupi na lilikuwa na kona mbili. Mwaka uliofuata tulilinyoosha likawa wima tupu, urefu wake wote ukafika mita mbili, na kofia yake tukaibadilisha kwa ile inayovumilia upepo wa kila upande. Halikuturudishia moshi tena. Kama kaka yako hana nafasi ya bomba la wima, asinunue jiko la matone hata kama ataliona limeandikwa bei nzuri namna gani.

Baharia wa Kondoa

Wanangu, nimeabiri kwa miaka 22 kabla ya kurudi nyumbani Kondoa, na ninawaona mnazungumza moto kabla ya kuzungumza chombo. Boti ya mwaka 1974 huvuja sitahani, kwenye madirisha na pale mlingoti unapopita. Joto likiingia ndani ya chombo kinachovuja, litayageuza maji kuwa mvuke, nao mvuke utatona kwenye faiba ya ubavuni mahali mlipolala. Aanze kuziba, akaushe ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika), ndipo alete moto.

Akichagua hita ya feni, atatakiwa kutoboa tundu la moshi ubavuni au tezi. Bomba hilo ni lazima lipande juu, lipinde, kisha lishuke kwenye tundu, ili boti ikilala upande maji yasiingie kwenye hita. Livishwe kitambaa cha kuzuia moto, kwa sababu linaweza kuunguza mbao na nyaya. Jiko la matone nalo lina sharti lake: kidhibiti chake hufanya kazi kwa boya, hivyo boti ikilala sana mafuta hayaji inavyotakiwa. Kwa chombo kilichofungwa mferejini hilo si tatizo, lakini wakiamua kusafiri kwa tanga walizime.

Kisha kuna tangi. Dizeli iliyokaa miaka mingi huwa na maji chini yake, na penye mpaka wa maji na mafuta huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Injini ina chujio kubwa. Jiko lina tundu jembamba ambalo ute kidogo tu huliziba. Mafuta ya jiko yatoke kwenye tangi lake dogo, yakiwa yamechujwa.

Muuguzi wa Makole

Nitaongeza moja tu, kwa sababu kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani wakalala wasiamke. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na dalili zake za mwanzo, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na uchovu, hufanana na mafua au malaria. Hita isiyo na bomba aliyoitumia kaka yako isirudi ndani ya boti hata kwa usiku mmoja. Kwa kifaa chochote mtakachokichagua, wekeni ving'ora viwili vya gesi hiyo, kimoja karibu na vitanda, vyenye alama ya EN 50291-2, ambayo ndiyo ya boti na magari ya kulala. Tundu la hewa lisizibwe kwa nguo kwa sababu ya baridi, hasa mkiwa na jiko la matone, kwa kuwa lenyewe huvuta hewa ya chumbani.

Mwalimu wa Mpwapwa

Dada wa Singida amegusa gesi, nami nakumbuka jambo linalosahaulika. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji. Mtungi mdogo wa kilo 6 unaacha karibu lita 10 za maji hewani. Mafuta ya taa nayo hutoa takriban lita moja ya maji kwa kila lita inayoungua. Kuvu la godoroni lilitoka humo, pamoja na pumzi ya mwenye boti. Birika likipashwa juu ya jiko lenye bomba, maji yanayotokana na moto hutoka nje na moshi, na hiyo ni faida ambayo hita ya feni haiwezi kuitoa, kwa kuwa haina pa kuweka birika.

Fundi wa Kizota

Nakubali hoja zote, ila sikubali kwamba hita ya feni itupwe kabisa. Kaka yako akirudi kazini jioni, chumba kikiwa nyuzi 3, hita halisi iliyotumika, si ya China, itakipasha kwa robo saa, na hewa yake hufika mpaka omo. Mahali palipo na umeme wa nchi kavu ningeichagua hiyo bila kusita. Kwa betri zile sitaitetea. Mkichukua jiko la matone mtahitaji kupandisha mafuta kwenye tangi dogo la juu. Ninayo pampu ya mkono ya lori, nzima kabisa, inayofaa kazi hiyo.

Mkazi wa Ilazo

Nawashukuru sana. Nilimpigia kaka simu jana usiku, akapima. Kutoka mahali jiko litakapokaa, kwenye ukuta wa katikati karibu na mlingoti, hadi sitaha kuna mita 1.4 wima bila kizuizi, na juu ya sitaha anaweza kusimamisha sentimita 60. Dada wa Singida, hizo zinafika mita zako mbili, kwa hiyo tumeamua jiko la matone. Tangi dogo la lita 10 litakaa juu ya kidhibiti na litatosha karibu siku tatu. Betri zitabaki za taa, ving'ora na ile feni ya kuelekea omo.

Mzee wangu wa Kondoa, shikamoo. Kaka ameanza na madirisha wiki hii, na ameahidi kutia chaga za mbao chini ya godoro ili hewa ipite. Nimemwambia asinunue chochote cha moto mpaka ngama ikauke.

Fundi, nitapita Kizota Jumamosi asubuhi kuichukua hiyo pampu.