Fundi kabadilisha impela, vipande vya ile ya zamani kaviacha ndani ya mashine!

Wakuu, naandika nina hasira na sitaificha.

Mashine yangu ni ya farasi 40, hizi za kuchanganya oili na petroli, iko kwenye boti ya faiba hapa Mikindani, Mtwara. Mwezi uliopita ilianza kuchemka. Kojo, yale maji ya kupoozea yanayoruka pembeni ya mashine, likawa jembamba kama uzi, na ukigusa kichwa cha mashine mkono haukai. Nikachokonoa tundu la kojo kwa waya, maana mara nyingine ni chumvi au mchanga tu umeziba pale. Wapi. Nikaipeleka kwa fundi.

Akashusha giaboksi, akasema impela imekufa, yaani lile gurudumu la mpira lenye mbawa ndani ya pampu ya maji. Hapo hakukosea. Akaweka mpya, nikalipa 140,000 kifaa na kazi, akaiwasha ndani ya pipa, kojo likatoka vizuri, tukaagana.

Lakini kwenye pipa mashine inanguruma taratibu, haina mzigo. Siku ya tatu tuko nje ya Msimbati, watu wanne na barafu yetu, nimefungua moto kuwahi nyavu, nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Kugeuka nyuma, kojo hakuna, unatoka mvuke. Kabla sijazima, ikajizima yenyewe. Kusi inavuma, na mkondo wa pale unavuta kwenda kaskazini. Tulisimamisha turubai kwa kasia mbili tukakaa hivyo zaidi ya saa mbili, mpaka vijana wa Msanga Mkuu wakatupa kamba. Mmoja wa mabaharia wangu ana mtoto wa wiki tatu nyumbani.

Narudi kwa fundi, ananiambia themostati, ile valvu inayofungulia maji kulingana na joto. Akaitoa, akaniambia nitembee bila hiyo. Haikupona. Akasema gasketi ya hedi, ile ya kuziba chini ya kichwa cha mashine. Nikanunua. Haikupona. Kila akifungua, ananitoza. Nikamwambia arudi chini kwenye pampu, akagoma: "Mzee wangu, kule tumeshamaliza, impela ni mpya."

Siku hiyo nimekaa kwenye banda lake namsubiri, nikaiona impela yangu ya zamani kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nikaiokota, nikaifuta grisi. Impela ya mashine hii ina mbawa 6. Nikahesabu nne. Nikahesabu tena, nne. Mbili zimekatika kwenye shina kabisa. Nikamuuliza, fundi, hizi mbili ziko wapi? Akanijibu bila hata kuinua kichwa: "Si zilishatoka na maji."

Zitoke wapi? Pampu inasukuma maji juu, na kipande cha mpira kikikatika kinasukumwa huko huko juu, kwenye njia nyembamba za kupoozea. Tundu la kojo halipitishi kipande kama kile. Nikachukua mashine yangu, nikaifungua nyumbani na mpwa wangu. Ubawa mmoja tuliukuta ndani ya bomba la maji umelala kimshazari, mgumu kama soli ya kiatu. Wa pili ulikuwa mbele zaidi, karibu na silinda, umeshikwa na chumvi mpaka tukauchomoa kwa koleo. Yaani impela mpya ilikuwa inasukuma maji dhidi ya kizibo muda wote ule!

Hii si elimu ya chuo, wakuu. Ukitoa impela iliyokatika unahesabu mbawa, na zilizopungua unazitafuta mpaka uzipate, ndipo unafunga. Dakika kumi za kuangalia, yeye hakuziangalia, akaniuzia gasketi.

Sasa silinda moja ina mikwaruzo unaisikia kwa kucha. Pistoni na ringi zinataka kubadilishwa, silinda ichongwe. Nimemfuata kwa adabu anirudishie angalau fedha ya gasketi na ya ufundi, kasema bahari ina mambo yake. Bahari haikuacha mpira ndani ya mashine yangu. Yeye ndiye aliyeacha.

Wenye mashine mkoa huu, mkibadilishiwa impela dai ile ya zamani mkononi, uihesabu mbele yake kabla hajafunga.

Na ninaomba: nani anamjua fundi wa kuchonga silinda, Mtwara au Lindi, anayekubali mwenye mashine asimame pembeni akiangalia kazi? Mabaharia wangu watatu wako nchi kavu wiki ya tatu sasa. Vile vipande viwili ninavyo kwenye kopo, anayetaka picha niweke.